Kula kopo lako baridi, mdogo wangu, ila lichunguze kwanza

Mdogo wangu,

Mama kanipigia simu akilia. Kasikia kwamba siku hizi ukikwama na lori kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma unakula maharage na samaki wa kopo baridi hivyo hivyo, kijiko ndani ya kopo, moto huwashi kabisa. Kwake hiyo ni habari ya msiba. "Anakula kama mtu asiye na kwao," kaniambia. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikamwahidi kukuandikia. Naandika hadharani kwa sababu madereva na matingo wanaokula hivyo kuanzia Tunduma mpaka Kasumbalesa, kule Zambia inakopakana na Kongo, ni wengi, na wengi wanasemwa nyumbani kama unavyosemwa wewe.

Jibu langu ni hili: kula, na usione haya. Nimesomea sayansi ya chakula na riziki yangu naipata kwenye ukaguzi wa chakula, kwa hiyo nalisema kwa kinywa kipana. Ubaridi hautakudhuru. Kinachoweza kukudhuru ni kopo bovu, na kopo zima lililofunguliwa likaachwa. Naona nyumbani wote wanagombana na ubaridi, hakuna anayekuuliza kopo lenyewe lilikuwaje.

Chakula cha kopo kimeshaiva. Kiwandani maharage au samaki hutiwa koponi, mfuniko ukabanwa kwa mashine mpaka ukingo wake ukajikunja pamoja na ukingo wa kopo, ndipo makopo yakaingizwa kwenye mtungi mkubwa wa mvuke wenye presha. Sufuria yako ikichemka inafika nyuzi 100 na haizidi hapo. Kwenye mvuke ule joto hufika karibu nyuzi 121, na kopo linakaa humo mpaka hata punje ya maharage iliyo katikati kabisa ipate joto la kutosha. Hesabu hiyo inapigwa kwa ajili ya kijidudu kimoja kinachotoa sumu, Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake huvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Kwenye nyuzi 121 dakika tatu zinatosha kuzimaliza. Ukitaka ushahidi, kopo lijalo la sadini mtoe samaki mmoja, umpasue, uutafute uti wa mgongo. Uponde kwa vidole: unasagika kama chaki. Unautafuna na nyama yake bila kuhisi, na unapata madini ya chokaa juu yake. Hakuna samaki wa kukaanga ambaye mfupa wake umewahi kulainika namna hiyo.

Na makopo yenyewe tangu mwanzo yalitengenezwa kwa ajili ya watu walio mbali na jiko. Nicolas Appert, mtengeneza peremende wa Ufaransa, alilipwa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuonyesha jinsi ya kuhifadhi chakula ndani ya chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Mwaka huo huo Peter Durand akasajili Uingereza wazo la kutumia bati badala ya kioo, na kufikia 1813 kiwanda cha Bermondsey, London, kilikuwa kinatengeneza vyakula vya kopo, na jeshi la wanamaji likawa mteja wake. Opena bado haikuwepo. Watu walifungua kwa patasi na nyundo. Askari wa vita vya kwanza vya dunia walikula nyama ya kopo baridi kwenye mahandaki miaka nenda miaka rudi. Sisi wenyewe tulikuwa na kiwanda cha nyama ya kopo, Tanganyika Packers pale Kawe, kikiuza mpaka Uingereza. Baharia, askari, mchimba madini, dereva: hao ndio walaji wa kopo. Uko kwenye safu ya watu wa kazi, na sioni sababu ya kujificha nyuma ya trela ukila.

Mama namwelewa. Kwake chakula baridi ni kiporo, na kiporo alichokilinda maisha yake yote lazima kipashwe moto mpaka kichemke, la sivyo tumbo litauma. Kwa kiporo ana haki kabisa, kwa maana sufuria ililala wazi, mkono umeingia, upawa umeingia, inzi wamepita. Kopo lililofungwa halijaguswa na chochote tangu lilipotoka kwenye ule mvuke.

Tena kuna jambo ambalo huko nyumbani hawalioni. Kwenye foleni ile nyuma yako kuna gari la mafuta, mbele yako kuna jingine, yote yanaelekea Zambia na Kongo. Mtu anayekusihi uwashe jiko la gesi katikati ya magari yale hajui anachokuombea. Kula baridi usiku huo ni busara. Na chakula kinachouzwa kando ya barabara nacho kina usalama wake na hatari yake. Mama ntilie ambaye sufuria yake iko motoni na mvuke unafuka, kula kwake kwa amani. Wali uliopikwa saa tano asubuhi ukakaa vuguvugu kwenye ndoo mpaka saa tatu usiku, huo uache. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu vinazaana kwa raha zao, na Shirika la Afya Duniani linasema kisipitishe muda wa saa mbili katika hali hiyo. Kati ya wali ule wa vuguvugu na kopo zima la maharage baridi, mimi dada yako nakuchagulia kopo.

Sasa kopo lenyewe. Hapa naomba usome polepole.

Kabla hujalipa dukani, lipitishe mkononi. Bonyeza mfuniko na kitako kwa dole gumba. Vinatakiwa viwe vimetulia, au vimeingia ndani kidogo. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, rudisha kopo kwenye rafu. Likiwa limevimba, usilinunue hata kwa nusu bei, na wale wauzaji wa mipakani wanaopanga makopo yaliyobonyea kwenye turubai kwa bei ya kutupa, wapite. Kubonyea ubavuni kidogo kwa kawaida hakuna neno. Kubonyea kwenye ukingo, pale mfuniko ulipojikunja na mwili wa kopo, ni hatari, kwa sababu hapo ndipo penye kizuizi chote; tundu dogo lisiloonekana kwa macho linatosha. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kitambaa haina shida. Kutu iliyochimba bati ni sababu ya kulitupa. Mwaka 2002 huko Afrika Kusini watoto wawili wa tumbo moja walifariki kwa sumu ya kijidudu nilichokutajia, na kilichoshukiwa kilikuwa samaki wa kopo ambalo bati lake lilikuwa limeliwa na kutu. Nakutajia hilo kwa sababu najua makopo yako yanakaa wapi.

Yanakaa kwenye boksi la chini ya trela, pamoja na mvua ya Mbeya na vumbi la Nakonde. Au yanakaa kwenye dashibodi. Pote pawili hapafai. Boksi la chini lina kivuli, hilo jema, lakini yafunge kwanza kwenye mfuko mgumu wa plastiki ili unyevu usiyafikie. Dashibodi sahau kabisa. Wapo vijidudu wapenda joto ambao mbegu zao huvumilia hata zile nyuzi 121. Kwenye hali ya hewa ya kawaida zinalala tu ndani ya kopo, hazina madhara. Kopo likishinda juani nyuma ya kioo cha lori kutoka Chalinze mpaka Mikumi, siku baada ya siku, joto linapita nyuzi 40, zinaamka na kukichachusha chakula bila kulivimbisha kopo. Unafungua unakuta maharage yana uchachu. Huo uchachu kwa kawaida hauui, ila chakula kimeharibika na pesa imekwenda.

Ukifungua, sikiliza. Makopo mengi mazima huvuta hewa ndani kidogo, mlio mfupi. Likipumua nje kwa nguvu, likirusha mchuzi, au likitoa harufu usiyoielewa, litupe mbali na mbwa, unawe mikono. Usionje kwanza ili uhakikishe. Sumu ya botulinum haina ladha wala harufu ya kukutahadharisha, na kiasi kidogo mno kinatosha. Najua Mama atasema chemsha tu itakufa, na kweli joto la zaidi ya nyuzi 85 kwa dakika tano huivunja ile sumu. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayechemsha kopo lililovimba ili ale. Na kule kupasha juu juu mpaka liwe vuguvugu, ambako ndiko wengi wanakoita kupasha, hakuondoi kitu.

Jambo ambalo limenikosesha usingizi kuliko yote ni picha uliyowatumia wenzako, kopo lililofungwa limewekwa juu ya injini lipate moto. Mdogo wangu, nakuomba kwa jina la Mungu, usirudie. Kopo lililofungwa likipata moto mvuke hauna pa kutokea. Linapasuka, na mchuzi wa moto na bati vinakuja usoni. Kama siku moja una nafasi na jiko liko salama, fungua kopo, mimina kwenye sufuria, pasha. Kama huna, kula baridi. Hakuna njia ya tatu.

Kabla ya kufungua futa mfuniko kwa maji, maana lile kopo limelala ghalani na panya wamepita juu yake. Tumia opena, acha bisibisi; ukingo uliochanwa kwa bisibisi unakata ulimi na kuacha vipande vya bati kwenye chakula. Kama mnakula wawili, gawaneni kwenye sahani kwanza. Kijiko kikishatoka mdomoni kikarudi koponi, kilichobaki humo si cha kuweka. Kwenye joto la pwani kopo lililofunguliwa linamalizwa pale pale. Ukiwa penye friji, hamishia kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye mfuniko, kisha ule ndani ya siku mbili tatu. Vyakula vyenye uchachu kama nyanya na nanasi vikiachwa kwenye bati lililofunguliwa huvuta madini ya bati na ladha inageuka. Jodari uwe mwangalifu naye zaidi ya wote: akikaa nje kwenye joto anaweza kutengeneza kitu kinachowasha mwili, kikuvimbishe uso na kukupiga kichwa, na hicho hata ukikichemsha hakiondoki.

Chumvi nayo. Kipimo cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, na kopo moja la nyama linaweza kuchukua sehemu kubwa ya hapo. Baba yetu alikuwa na presha, na wewe unakaa kwenye usukani siku nzima. Maharage mwaga maji yake, suuza kwa maji ya kunywa. Sehemu nzuri ya chumvi inaondoka hapo. Nyama ya kopo isiwe ya kila siku.

Na kula vizuri, usile kwa huzuni. Nyama ya kopo baridi ina raha yake, mafuta yameganda, inakatika vipande safi vya kuweka kwenye mkate. Ikipashwa inakuwa uji. Sadini kamulia ndimu, katia kitunguu na pilipili kichaa moja, kula na chapati ya asubuhi. Maharage yaliyosuuzwa changanya na nyanya na parachichi la Rungwe, ambalo unalipita barabarani kila safari. Hicho ni chakula cha mtu mwenye kwao.

Ukihisi, kwa kawaida muda wa saa 12 mpaka siku moja na nusu baada ya kula, ingawa yaweza kuwahi au kuchelewa hata siku kadhaa, kwamba unaona vitu viwili viwili, kope zinashuka, ulimi mzito, kumeza kwa shida, na homa huna, usiendeshe. Usilale ukisubiri asubuhi. Mwambie tingo akupeleke hospitali na mtaje kwamba umekula cha kopo, na kopo lenyewe mlibebe. Dawa ya kuizuia sumu inasaidia ikiwahi.

Kwa Mama nitasema mimi. Nitampa ule uti wa mgongo wa sadini auponde kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu maneno yangu ya shule huwa anayasikiliza kwa heshima tu. Wewe mpigie jumapili, mwambie umekula nini, na usimfiche.

Opena mbili na mifuko migumu nimempa yule mwenzako anayepakia bandarini wiki hii. Moja ni yako, moja ya tingo.

Dada yako