Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama, habari za safari.

Naanza na kosa. Mwaka juzi tuliamua kupiga lipu ya saruji ukuta wa kusini wa kikanisa cha zamani tunachokitunza, na mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza. Masika ya mwaka huu yalipoisha, lipu ikawa imevimba. Ukiigonga inalia kama ngoma. Fundi alipobandua kipande cha ukubwa wa sinia, udongo wa nyuma ulikuwa umelowa hadi unafinyangika vidoleni.

Ukuta ule una unene wa dhiraa moja, mawe yameshikwa kwa udongo mtupu. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa polepole. Saruji inaziba, maji yanabaki ndani. Waliojenga walipaka chokaa, na chini ya rangi tumeikuta ingali imeng'ang'ania mawe! Basi saruji yote imetoka. Tumerudia chokaa na mchanga, koti jembamba juu ya jembamba, magunia mabichi yakining'inizwa mbele ili isikauke haraka.

Kwa wanachama wapya: wamisionari wa kwanza wa Kiadventista (Wasabato) nchini, Wajerumani Ehlers na Enns, walifika mwaka 1903 wakaanza kazi Giti, huku kwetu Upare Kusini. Waliita mahali pale Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Kikanisa chetu ni tunda la kazi hiyo, na ndiyo sababu hakina mnara, altare wala sanamu: chumba kimoja, mimbari katikati, madirisha marefu. Kisima cha ubatizo msikitafute. Watu walizamishwa mtoni. Kabatini tulikuta Agano Jipya la Chasu, yaani Kipare, tafsiri ya Ernst Kotz iliyotoka mwaka 1922. Mende wamekula jalada, maandishi ni mazima.

Waumini walipohamia kanisa jipya barabarani, hapa pakawa ghala la mahindi. Wapo wanaotaka tung'oe paa lote. Mimi sikubali. Kenchi ni za mti wa mkulo, mchwa hawajazigusa. Yanayovuja ni mabati machache upande wa mlima.

Fedha ataeleza mweka hazina.

Ukuta wa mashariki bado. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ni Jumapili mbili zijazo, si Jumamosi, maana nusu yetu tuko ibadani. Njooni na ndoo, sululu na magunia yasiyo na mbolea.