Miche ya maabara hufa kwa kukosa mizizi

Mhariri,

Miche ya miti ya asili iliyozalishwa maabara ikinyauka siku chache baada ya kutolewa chupani, lawama humwangukia mwagiliaji. Mara nyingi anaonewa. Ndani ya chupa unyevu unakaribia asilimia 100 na chakula ni sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita, hivyo jani halijifunzi kufunga vitundu vyake wala kujipaka nta. Mizizi iliyoota kwenye agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea miche, huwa minene, myeupe, inakatika upesi, na karibu haina vinyweleo vya kunywea maji.

Bakteria rafiki kama Azospirillum husaidia hapo. Hutengeneza oksini, homoni ya kuotesha mizizi, na mzizi huitikia kwa kutoa matawi na vinyweleo vingi. Ila hawaponyi mzizi ulioota vibaya. Mche ukiachwa muda mrefu kwenye agari yenye homoni hiyo, tako la shina huvimba na mizizi huchipuka kwenye uvimbe huo bila kuungana na mishipa ya shina. Ukiuvuta kidogo, mzizi unabaki mkononi. Basi homoni iwe ya siku chache, kisha mche uhamie kwenye agari isiyo na homoni.

Bakteria nao wasitiwe ovyo kwenye agari yenye sukari tele. Huzaliana hadi wakaufunika mche. Ni salama zaidi kuwatia siku ya kutoa mche chupani. Osha agari yote kwa maji vuguvugu, maana sukari inayobaki huleta ukungu. Chovya mizizi nusu saa katika maji yenye bakteria wapatao milioni 10 kwa mililita. Maji yasiwe na klorini, la sivyo unawaua kabla hawajaugusa mzizi. Dawa za ukungu zenye shaba huwadhuru vilevile.

Panda kwenye mboji iliyochanganywa na mchanga mnene, weka kivulini, funika kwa nailoni angavu, kisha uifungue kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Mbolea ya naitrojeni iwe hafifu mwanzoni.

Tunawasihi wenye vitalu jambo moja: kila mara waache trei moja bila bakteria. Aina ya bakteria iliyofaa mti mmoja huenda isifae mwingine, na bila trei hiyo hakuna atakayejua kilichookoa miche. Wakilinganisha, wasitazame majani tu. Wang'oe miche michache, waioshe na kukagua mizizi.