Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Mwongozo wa Kuweka Waya wa Kushoto

Ndugu Wanachama,

Vikao vya robo mwaka, mafunzo ya wauguzi na ukaguzi wa hesabu vilifanyika kama mnavyofahamu, na sitavirudia.

Ninalazimika kueleza kwa kirefu mwongozo tuliopitisha mwezi Juni, unaotaka kwamba mgonjwa wa moyo kushindwa (moyo usiosukuma damu ya kutosha) anapowekewa betri ya kusawazisha mapigo, yaani kifaa kinachofanya pande mbili za moyo zijikaze pamoja, waya wa ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto, ambao hupitishwa ndani ya mshipa wa moyo, usiachwe kwenye ncha ya moyo endapo upo mshipa mwingine unaopitika, hata kazi ikichukua muda zaidi. Nimeshutumiwa, tena kwa barua, kwamba ninawafundisha wakongwe kazi waliyoizoea. Rasimu niliiandika mwenyewe, usiku, baada ya zamu, na siijutii. Uchambuzi wa jaribio la MADIT-CRT, la betri hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2011, wenye wagonjwa 799, ulionyesha kuwa waliowekewa waya nchani walikabiliwa zaidi na moyo kushindwa au kifo. Ni kweli, kama wapinzani wanavyopenda kunikumbusha, kwamba uchambuzi huohuo haukuona tofauti kubwa kati ya ukuta wa mbele, wa ubavuni na wa nyuma. Ndiyo maana tulichokataza ni ncha tu, na ubavu tukaupendekeza bila kuulazimisha. Katika jaribio la TARGET la Uingereza, lenye wagonjwa 220, ekokadiografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ilitumika kutafuta sehemu inayochelewa zaidi kujikaza na isiyo na kovu, na walioitikia tiba wakawa asilimia 70 dhidi ya 55 ya waliowekewa waya bila mwongozo huo wa picha. Anayesema kwamba waya wa ubavuni huweza kusisimua neva ya freniki na kumtetemesha mgonjwa kiwambo, msuli wa kupumulia, hakosei, lakini waya wa elektrodi 4 (vituo vya kutolea umeme) mara nyingi huturuhusu kubadili elektrodi inayotumika bila kumrudisha mezani.

Wanaolalamika kwamba uamuzi ulipitishwa na watu wachache wajiulize walikuwa wapi siku hiyo. Akidi ilitimizwa na mtu mmoja wa mwisho, naye aliingia kwa kuchelewa. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, wakiwemo watatu waliotia saini barua ile, na mweka hazina amechoka kupiga simu.

Mwaka ujao, fedha zikipatikana, tunatarajia kuandaa mafunzo ya kusisimua tawi la kushoto la njia za asili za umeme wa moyo kupitia ukuta wa kati unaotenganisha ventrikali mbili. Tarehe itatangazwa.

Mwenyekiti