Hao waliofanyiwa utafiti walikuwa wangapi?

Mhariri, shikamoo, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, ana sukari, juzi nimeenda kumsalimia nakuta makopo matatu kabatini, vidonge vya "kufufua seli", kauziwa na dada mmoja wanasali naye ambaye na yeye ana mtu juu yake anayemuuzia, si unazijua zile biashara za kuingizana. Bei nilivyotajiwa nikakaa chini.

Nikamtafuta yule dada Whatsapp, akanijibu "kaka hii imefanyiwa utafiti Marekani". Na kweli imefanyiwa, ndo utamu wenyewe. Kwenye kopo imeandikwa NMN, ndo kifupi cha jina la kemikali iliyomo, na utafiti ule wa St. Louis uliotoka 2021 ulichukua wanawake 25 waliokwisha koma hedhi, wanene, sukari imeanza kupanda, 13 wakapewa NMN miligramu 250 kila siku kwa wiki 10 na waliobaki wakapewa vidonge hewa, visivyo na dawa ndani. Misuli ya wale 13 ikaanza kuitikia insulini vizuri, ila sukari kwenye damu haikushuka, uzito nao ukabaki palepale. Watu 13 mhariri! Hata daladala haijai.

Kabla ya hapo iliyovuma ilikuwa resveratrol, ile ya kwenye zabibu. GSK, wale wakubwa wa dawa wa Uingereza, walinunua kampuni nzima ya Sirtris 2008 kwa dola milioni 720 sababu ya hiyo, 2013 wakaifunga. Na sio kwamba vidonge hivi vikikosa faida basi havina hasara, kule Finland waliwapa wavuta sigara beta-karotini, ile rangi ya karoti, wakitegemea itawakinga, matokeo yakatoka 1994 kwamba waliokunywa ndo waliopata kansa ya mapafu zaidi.

Mama yeye alianza kuruka metformin, dawa yake ya sukari ya hospitali, eti asichanganye dawa. Kliniki wakampima sukari, imepanda hadi 17.

Sasa ombi langu kwenu magazeti, mkiandika "utafiti umeonyesha" kwenye kurasa za afya, malizieni basi, walikuwa panya au watu, wangapi, muda gani, na kilichopimwa ni nini, maana huyo dada alinitumia picha ya gazeti kama ushahidi.

Makopo mawili hayajafunguliwa hata. Nimemwambia ayachukue arudishe hela, tangu hapo ameona meseji na hajibu.

Mtoto wa mwalimu,
Morogoro