Uzi unajisokota chini ya mfarishi? Cherehani yako huenda ni nzima

Wateja wengi wanaoanza kushona mifarishi midogo ya kutundika ukutani (vitambaa viwili vyenye pamba katikati) kwa ushonaji huru, yaani kuchora mapambo kwa uzi, hutuletea kazi yenye mafundo ya uzi upande wa chini, na neno la kwanza huwa, “Fundi, mashine imekufa.” Mara nyingi haijafa.

Katika ushonaji wa kawaida, meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ndiyo yanayosukuma kitambaa na kuamua urefu wa mshono. Kwenye ushonaji huru unayashusha, unafunga mguu wa kudarizi, kisha mikono yako ndiyo inayozungusha kazi na kuchora maua, mawimbi au chochote upendacho. Kitufe cha urefu wa mshono hakina kazi tena hapo.

Sasa hayo mafundo. Mguu wa kudarizi hata ukishushwa huelea kidogo juu ya kitambaa, kwa hiyo ni rahisi kusahau kuushusha. Ukiwa juu, visahani vya kukaza uzi vinabaki wazi, uzi wa juu unamwagika bila kizuizi na kujazana chini. Angalia hilo kwanza. Kama mguu ulikuwa chini, toa uzi wote, inua mguu, tunga upya, maana uzi ukitungwa mguu ukiwa chini hauingii vizuri kati ya visahani. Na kabla ya kuanza, vuta uzi wa bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) uje juu, ushikilie ncha zote mbili kwa mishono michache ya mwanzo.

Vitanzi vidogo vinavyotokea kwenye kona tu ni jambo lingine: mkono unakimbia kuliko sindano. Kanyaga kwa kasi ya wastani isiyobadilika, mkono uende taratibu. Ukivuta kitambaa kwa nguvu, sindano inapinda, inagonga bamba la chuma lililo chini yake na kukatika.

Cherehani ya kukanyaga inafaa sana kwa kazi hii, watu wanaidharau bure. Ya kuzungusha kwa mkono ndiyo inayosumbua, kwa sababu inakuachia mkono mmoja tu. Kama meno ya mashine yako hayashuki, yafunike kwa kibamba.

Kwa mara ya kwanza shona kipande cha sentimita 40 kwa 40. Kitenge kifuliwe kwanza. Kikichuja rangi baadaye, kazi yote imeharibika. Pamba na kitambaa cha chini viwe vikubwa kuliko cha juu kwa sentimita 5 kila upande, halafu bana tabaka zote tatu kwa pini za kufunga, ukiacha upana wa kiganja kati ya pini na pini. Anzia katikati kuelekea pembeni, la sivyo kitambaa kitajikunja. Sindano namba 90 inatosha.

Ukija dukani na mashine, njoo pia na bobini yako, uzi unaoutumia na kile kipande chenye mafundo. Usikifumue.