Mvua ikikatika, mteremko bado haujatulia

Mhariri,

Kila yanapotokea maporomoko ya ardhi, gazeti lako, kama mengine, huandika kwamba chanzo ni mvua kubwa iliyonyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, na mvua ikikatika habari nayo hukoma. Sikatai kwamba mvua inahusika. Ninachokataa ni msomaji kuachwa akiamini kwamba hatari huja na mawingu na kuondoka nayo, ilhali kinachouangusha mteremko ni maji yaliyokwisha kuingia ardhini, ambayo hayafuati saa za mvua.

Wengi husema kwamba maji huutia udongo utelezi. Maelezo hayo hayatoshi. Udongo wa mteremkoni hushikiliwa kwa sehemu kubwa na msuguano wa chembe zinazogandamizwa na uzito wa udongo ulio juu yake; maji yakijaa katika nafasi zilizo kati ya chembe hizo na kimo chake kikazidi kupanda, shinikizo lake huubeba uzito huo kwa sehemu, chembe zikalegeana na msuguano ukapungua. Mhandisi Karl Terzaghi aliuweka wazi msingi huu katika miaka ya 1920, na hesabu yake si ngumu. Mita moja ya ujazo ya udongo uliojaa maji ina uzito wa takriban tani 2, na maji ya ujazo huohuo yana uzito wa tani 1. Kwa hiyo maji ya chini ya ardhi yakipanda hadi usoni mwa mteremko, karibu nusu ya nguvu inayozibana chembe hutoweka. Mchanga ambao ukiwa mkavu husimama kwenye mwinamo wa digrii 30, ukijaa maji yanayotiririka ndani yake sambamba na mteremko, hauhimili zaidi ya digrii 16 hivi. Unyevu kidogo, kinyume chake, huushikamanisha mchanga, kama ajuavyo kila mtoto aliyewahi kujenga kijumba ufukweni.

Udongo mwembamba uliolala juu ya mwamba unaweza kuporomoka baada ya saa chache za mvua kali. Maporomoko ya kina kirefu hayana haraka hiyo, kwani maji huchukua majuma, pengine miezi, kuzama hadi kwenye tabaka la udongo wa mfinyanzi lisiloyapitisha na kurundikana hapo. Huko Oso, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kilima kiliporomoka tarehe 22 Machi 2014, asubuhi isiyokuwa na mvua, baada ya majuma kadhaa ya mvua iliyozidi kiasi cha kawaida. Walikufa watu 43.

Ndiyo maana hunisikitisha kusoma kwamba watu waliohamishwa wameruhusiwa kurejea majumbani kwa kuwa jua limetoka. Jua halijui lolote kuhusu maji yaliyo mita kumi chini. Afadhali kwanza zikaguliwe nyufa za juu ya mteremko, na chemchemi iliyozuka mahali pasipokuwa na maji, au ile ya zamani iliyoanza kutoa tope. Bora zaidi ni kupima kimo chenyewe cha maji kwa pizomita, ambayo katika umbo lake sahili ni bomba lenye matundu lililozamishwa ardhini. Na wanaochimba chini ya mteremko na kuuegemezea ukuta wa zege usio na matundu ya kutolea maji waelewe kwamba wamejenga bwawa, hata kama mchoro wao unauita ukuta wa kinga.

Ninaomba, basi, waandishi wako wanapofika kwenye tukio linalofuata wawaulize wahusika maswali mawili: mvua ya majuma yaliyotangulia ilikuwa milimita ngapi, na kimo cha maji ndani ya mteremko huo kilipimwa lini mara ya mwisho. Majibu yachapishwe, hata kama jibu la swali la pili litakuwa kwamba hakijawahi kupimwa.

Wako,
Msomaji