Kuhusu yule jaji, Baba

Maryland, Marekani, 7 Oktoba 2018

Shikamoo Baba. Sisi hatujambo, wajukuu wako wanakuamkia.

Uliniuliza kwenye simu: kama ni kweli yule jaji alimshambulia, mbona yule mama alinyamaza miaka 36? Nilikuwa kazini, sikukujibu vizuri. Jana Seneti imemthibitisha Brett Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kura 50 dhidi ya 48, na swali lako bado linanikaa moyoni.

Christine Blasey Ford, profesa wa saikolojia, aliapa mbele ya kamati ya Seneti tarehe 27 Septemba kwamba mwaka 1982, kwenye mkusanyiko wa vijana huku huku Maryland, Kavanaugh alimkandamiza kitandani, akajaribu kumvua nguo, akamziba mdomo asipige kelele. Alikuwa na miaka 15. Kavanaugh naye aliapa siku hiyo hiyo kwamba hakufanya jambo hilo kamwe.

Wanaomtilia shaka wana hoja, Baba. Hakumbuki nyumba ilikuwa ya nani, wala alirudije kwao. Aliowataja kuwa walikuwepo, hata rafiki yake, walisema hawaukumbuki mkusanyiko huo. Hilo lina uzito.

Lakini kunyamaza, hapana. Binti wa miaka 15 aliyekuwa kwenye nyumba isiyo na wazazi, vijana wanakunywa bia, angeanzaje kuwaambia wakubwa zake? Na wala hakunyamaza moja kwa moja. Mwaka 2012 alimsimulia mtaalamu wa ushauri nasaha kwamba aliwahi kushambuliwa. Maelezo hayo yaliandikwa, ingawa jina la Kavanaugh halimo. Wakati huo uteuzi huu haukuwepo. Alipoulizwa kamatini anakumbuka nini zaidi, alisema ni kicheko cha wale vijana wawili, Kavanaugh na mwenzake aliyekuwa naye chumbani. Sijaweza kukisahau kicheko hicho, na mimi sikuwepo. Ndiyo maana namwamini.

Seneta Susan Collins, kabla ya kumpigia kura ya ndiyo, alihimiza kwamba mtu adhaniwe hana hatia. Kanuni njema. Ila hakuna aliyekuwa anapelekwa gerezani. Alikuwa anapewa kiti cha kukalia maisha yake yote, cha kuamua haki za wengine. Kwa kiti kama hicho, shaka nzito ingetosha kumtafuta mwingine. Wanawake wa makamo ninaofanya nao kazi wanasema waliyaona haya mwaka 1991, Anita Hill alipotoa ushahidi kwamba Clarence Thomas alimnyanyasa kijinsia, na Thomas akapita kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo kwa kura 52 dhidi ya 48.

Kilichoniuma kuliko yote ni ule uchunguzi wa tuhuma hizo uliofanywa na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Walipewa wiki moja tu, na hawakumhoji Ford wala Kavanaugh mwenyewe. Baba, wewe uliketi mzee wa baraza mahakamani miaka mingi. Ungekubali shauri lifungwe hivyo? Naomba unijibu hilo, na Mama naye aniambie lake, asikuachie wewe umsemee.

Mwanao akupendaye,
Rehema